Mchuzi wa Saa Moja Kamili

14 Januari 1987

Dada yangu Masizi,

Shikamoo. Usinune kwa hilo jina, nimecheka peke yangu nilipoliandika. Natumaini umeamka salama, mguu umepoa, na wale watu wako mia tatu wa kantini hawajakumaliza. Sisi huku tunasukuma siku. Shemeji yako bado yuko na lori lake, akilala nyumbani siku mbili anapotea wiki mbili, watoto wameanza kumwita mgeni. Binti mkubwa ametimiza miaka kumi na miwili, amenipita kimo, na anakuamkia sana. Wadogo zake wanakohoa kwa zamu, huyu akipona anampokeza mwenzake.

Kilichonifanya nishike kalamu ni baba. Tangu mwezi wa kumi yuko kwangu. Walimkuta kwenye kibanda chake cha kutengenezea saa amekaa gizani na mlango wazi, hajui ni siku gani. Nimemleta na sanduku moja, na sanduku lote ni saa za watu. Kila asubuhi anazitia ufunguo moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja inayotembea. Saa moja kamili ya jioni anaketi mezani, anaweka saa moja mbele yake, kama zamani. Namwekea chakula. Anaonja, anaweka kijiko chini, anasema, "Huu si mchuzi wa mama yenu." Anamngoja, dada. Mama ana miaka kumi na tisa kaburini na yeye anamngoja amletee sahani.

Zahanati walimpima alipokuja akawa kilo sitini na nne. Juzi alikuwa hamsini na sita. Daktari amesema mwili hauna ugonjwa, unataka kula tu, na kwamba akiendelea hivi hatuvuki naye mwaka.

Basi nieleze ule mchuzi wa nyama ya kusaga wa mama. Robo kilo tu, na tulikula watu wanne na kesho yake bado palikuwa na cha kuchovya mkate. Mimi nina midomo sita hapa na mshahara wa kushona sare, kwa hiyo hata mfuko wangu utashukuru. Wewe ndiye uliyekuwa unamsaidia jikoni, lazima unakumbuka. Ule upawa wake wa chuma ninao hadi leo, lakini upawa haupiki wenyewe.

Nakungoja kwa hamu.

Mdogo wako,
Mwanasesere wa baba (bado ananiita hivyo!)


20 Februari 1987

Mdogo wangu,

Marahaba. Mguu haujapoa na hautapoa, nausimamia kwa saa kumi nzima kila siku. Hapa kiwandani wamebadilisha mtu wa kuleta vitunguu, na huyu mpya analeta vilivyokwisha kuota majani, anasema ni mboga mbili kwa bei ya moja. Karani wa stoo anahesabu viazi kama dhahabu. Lakini jiko ni langu. Nimepiga marufuku vyuma, humu ndani ni miiko ya mbao tu, na asiyetaka atafute kazi kwingine. Nikiulizwa nasema chuma kinakwaruza sufuria.

Mchuzi wako huu hapa. Kwanza nakujua, utaichukua nyama ya kusaga uioshe bombani kama soksi. Usiioshe. Weka sufuria nzito motoni ikiwa tupu mpaka ipate moto sawasawa, kisha tia nyama bila mafuta, ina yake. Itandaze, halafu mikono mfukoni. Wewe una kiherehere cha kukoroga, na nyama ikikorogwa mapema inatoa maji na kuchemka, inakuwa kama ya mgonjwa. Iache igeuke kahawia upande mmoja ndipo uigeuze. Hapo tia vitunguu viwili na kitunguu saumu, vikilegea tia nyanya. Kanunue zile za jioni zilizolegea, wenye meza hawataki kurudi nazo nyumbani.

Sasa ujanja wa kuongeza. Nusu kilo itakutosha kwa midomo yako sita ukiweka kikombe kimoja cha dengu zilizolowekwa, karoti uliyoikwaruza, na viazi vitano. Vinne ukate vidogo, cha tano ukikwaruze chote humo humo kiyeyuke, ndicho kinachoupa mchuzi uzito ukaonekana una nyama kuliko ilivyo. Maji yawe ya moto. Funika nusu, moto mdogo, dakika arobaini. Kabichi kidogo mwishoni, na chumvi mwisho kabisa.

Watu mia tatu wanakula huu kila Alhamisi na hakuna aliyelalamika. Baba yako naye ni mtu.

Dada yako


11 Machi 1987

Dada mpenzi,

Shikamoo. Umenionea kuhusu soksi, lakini ni kweli, nilikuwa nimeshafungua bomba! Huku ni wazima, vikohozi vimeisha, sasa ni mafua. Kazini tumepata oda ya sare za shule tatu kwa mpigo, natoka saa kumi na mbili na nusu nikiwa na uzi mpaka kwenye nyusi. Siku za kazi binti ndiye anayepika sasa. Ana mkono, dada. Nikimtazama pale jikoni na kanga yake kiunoni nakuona wewe mtupu. Baba naye anamwita Masizi, yeye anaitika tu na kucheka.

Mchuzi tuliupika. Watoto walikomba sufuria mpaka nikawanyang'anya. Shemeji yako alikuwepo, akasema kama angejua ndugu yangu anapika hivi angeoa mkubwa. Nusu kilo, watu sita, na kesho yake mkate ulipata cha kuchovya. Nilitaka kulia kwa furaha.

Baba alikula vijiko viwili. Akaniangalia kwa upole kabisa akasema, "Wa hotelini huu. Mama yenu kaenda wapi leo?"

Kilo hamsini na tatu.

Dada, kuna kitu umekiruka. Najua ninyi wapishi wakubwa mna tabia ya kuficha kimoja. Mama aliweka nini? Unga wa kitu? Jani fulani? Mimi naikumbuka rangi yake, ulikuwa mweusi zaidi ya huu, na ulikuwa na harufu fulani nzito nikiifikiria mate yananitoka, lakini siwezi kuitaja. Kumbuka vizuri, tafadhali. Hatuna miezi mingi.

Mdogo wako


2 Mei 1987

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako haikupotea. Imekaa wiki saba kwenye mfuko wa aproni yangu, inanuka vitunguu kuliko mimi. Niliisoma kila siku wakati wa mapumziko. Habari za huku ni zile zile, yule mleta vitunguu amefukuzwa na ameletwa mbaya zaidi.

Unauliza mama aliweka nini. Mama hakuweka chochote. Mama hakuwahi kuupika huo mchuzi hata siku moja. Mama alikuwa akitoka kufua mashuka ya hospitali saa moja, akifika nyumbani saa moja na nusu. Baba yako alikuwa anakula saa moja kamili na saa iko mezani. Fanya hesabu mwenyewe, wewe si mtoto.

Nilipika mimi, tangu nikiwa na miaka kumi. Mama aliniomba niseme kwamba anauandaa asubuhi kabla hajaondoka, kwa sababu baba yako alikuwa hali chakula cha mkono wa mtoto. Nikasema hivyo. Kila jioni nikawa nasimama nyuma ya pazia la jiko namsikia akisifu, "Huyu mwanamke ana mkono," na mimi nyuma ya pazia nimejaa masizi mpaka kwenye kope. Hilo jina unalolichekea lilitoka hapo, lakini mwanzo wake hasa ulikuwa siku moja, Jumatano, na wewe unaijua.

Siku ile sufuria iliungua. Mkono wangu wa kushoto, juu kidogo ya kiganja, una alama ya upawa, umbo lake lote, mpaka pale mpini unapoanzia. Huo upawa ulio nyumbani kwako, uliouweka kama ukumbusho wa mama. Mkono ukifika hapa kwenye mvuke wa masufuria yangu, ile alama inawasha hadi leo.

Kinachokosekana kwenye mchuzi nakijua. Nakuuliza swali moja tu, na ukinijibu nitakuandikia. Nani alikuwa analinda sufuria?

Sitaki kurasa. Sentensi moja inatosha.

Dada yako


24 Mei 1987

Dada,

Shikamoo. Tumshukuru Mungu kwa uzima. Binti ameshika nafasi ya tatu darasani. Shemeji yako lori limemharibikia njiani, yuko huko siku ya tisa, analala chini yake. Mimi nimeanza kuvaa miwani, sindano sasa naiona mbili.

Barua yako nimeisoma mara moja nikaiweka. Sikujua hayo ya mama. Pole sana. Lakini dada, miaka thelathini na tatu! Nilikuwa na miaka sita. Mtu wa miaka sita anakumbuka nini? Ilikuwa nyumba ya zamani, watu wa zamani, mambo ya malezi ya zamani. Kila mtu alichapwa. Wewe una nyadhifa zako, una jiko la watu mia tatu, unashikilia sufuria moja ya jana na juzi? Mimi sikumbuki. Hilo ndilo jibu langu, sikumbuki.

Nimeweka picha ya baba humu ndani. Ameipiga jirani wiki jana. Itazame vizuri hiyo shingo. Shati lile lilikuwa linambana, sasa linamvaa kama kengele. Kilo arobaini na tisa. Ananiuliza kila jioni kwa nini mama yenu amechelewa, na mimi nasema yuko njiani.

Kama una kitu cha kumfanya ale na unakizuia, basi unajua unachofanya. Sitasema zaidi.

Mdogo wako


15 Juni 1987

Mdogo wangu,

Picha imefika. Amependeza. Nairudisha kwa sababu huku sina pa kuiweka.

Mwaka juzi uliniandikia kwamba unaikumbuka riboni uliyovaa siku yako ya kwanza ya shule, ilikuwa ya zambarau na ncha moja imechomwa na pasi. Siku hiyo ulikuwa na miaka sita. Ile pasi ilikuwa mkononi mwangu.

Tafuta hapo hapo karibu na riboni, utaikuta sufuria.

Dada yako


30 Julai 1987

Dada,

Sina salamu leo na sina habari za mtu. Kilo arobaini na tano. Jana hakuamka kitandani mpaka saa sita. Bado saa moja kamili alijikokota mpaka mezani.

Ilikuwa inataka kunyesha. Mashati ya baba yalikuwa kambani ukatoka mbio kwenda kuyaanua. Ulinipandisha juu ya kreti la soda ukanipa upawa ukasema, "Koroga mpaka nirudi, usishuke." Nilikoroga. Halafu baba akaita kutoka chumba cha mbele, kwenye meza yake ya saa, "Mwanasesere, njoo usikilize hii." Nikashuka. Alikuwa na saa ndogo ya mwanamke, aliniwekea sikioni, ilikuwa inalia taratibu kama mdudu. Nilisahau. Harufu ndiyo iliyotushtua sote wawili.

Mimi ndiye niliyekuwa nalinda sufuria. Hiyo ndiyo sentensi yako.

Lakini haijaisha, na nikiacha hapa nitakuwa nimekudanganya tena. Wewe unadhani nilinyamaza. Miaka yote hii nimekuacha udhani hivyo kwa sababu kunyamaza ni kosa dogo, la mtoto. Sikunyamaza. Tulipofika jikoni ulikuwa umerudi, umetupa mashati chini, umetugeuzia mgongo unaipua sufuria. Baba aliuliza, "Nani alikuwa jikoni?" Wewe ulikuwa unakohoa moshi. Aliniuliza mimi. Nikanyoosha kidole.

Upawa ulikuwa bado umo ndani ya sufuria, umepata moto. Kabla hajauchukua alinipa ile saa niishike, alisema nisilie, nihesabu. Nilihesabu. Nilifika arobaini na moja.

Sasa umepata. Nipe na mimi.


18 Agosti 1987

Mdogo wangu,

Nilipofika pale pa kidole niliketi juu ya gunia la viazi nikashindwa kuinuka. Wasaidizi wangu walidhani ni mguu. Nilikuchukia pale pale, kwa sauti, mbele ya sufuria sita za ugali, na ilikuwa chuki mpya kabisa, kama nimeinunua asubuhi ile. Miaka thelathini na tatu nilikuwa nimemwekea msamaha mtoto aliyenyamaza. Nilikuwa nimeuandaa vizuri, nilikuwa nangoja sentensi tu nikupe. Wa aliyenyoosha kidole sina.

Lakini ahadi ni ahadi, na mimi huwa sipunji kipimo.

Pika kama nilivyokueleza Februari, lakini usitumie sufuria nzito. Tafuta nyepesi, ile ya kuchemshia maziwa. Moto uwe mkubwa. Nyama ikishika chini usiikwangue. Iache. Vitunguu vikianza kuwa vyeusi pembeni utataka kuvikoroga, usivikoroge. Ngoja moshi wa kwanza, ule mweupe, uupuuze. Ngoja wa pili unaokuwasha macho. Hapo ndipo utie nyanya na maji, halafu chukua upawa, huo huo wa chuma, ukwangue chini kwa nguvu mpaka yale meusi yote yapande juu yachanganyike na mchuzi. Dengu, viazi, vyote kama mwanzo.

Ndivyo ulivyokuwa. Baada ya Jumatano ile nilipika na mkono mmoja umefungwa kitambaa, na pasi ya mashati yake inaningoja pembeni, kwa hiyo kila siku uliungua. Miaka sita hakula mchuzi usioungua, na ndio anaoutafuta sasa kwenye sahani zako. Ile harufu nzito inayokutoa mate ndiyo hiyo.

Hakuna kingine.

Saa moja kamili, uuweke mezani ukiwa wa moto. Na upike mwenyewe, kwa mkono wako. Hilo nalisisitiza. Usimwachie mtu.

Dada yako


6 Septemba 1987

Dada,

Baba anakula.

Nianze na hilo kwa sababu ndilo nililokuwa naliomba. Wiki ya pili sasa. Kilo arobaini na saba na nusu. Daktari amenipa mkono akasema nimefanya kazi kubwa.

Sikupika mwenyewe. Barua yako ilifika Ijumaa, Jumatatu tukawekewa saa za ziada, sare zinatakiwa kabla shule hazijafunguliwa. Kila siku nilisema kesho. Baba alikuwa amefika mahali anapepesuka akigeuza kichwa. Jumatano asubuhi nikampa binti ile karatasi nikamwambia afuate kila neno, hata yale ya ajabu. Aliniuliza, "Mama, niunguze kweli?" Nikamwambia mama mkubwa wako anajua anachosema.

Niliingia saa moja kasoro dakika tano. Nyumba ilikuwa imejaa moshi, na ile harufu niliisikia tangu mlangoni. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Binti alikuwa jikoni anaukwangua, macho mekundu, pua imejaa masizi. Aliniletea mezani sufuria nzima na upawa wake ndani, ili apakulie watu hapo hapo.

Baba alionja kijiko kimoja. Dada, tangu aje kwangu sijamwona akiangalia kitu akakiona, siku ile aliona. Macho yalitulia kabisa. Nikasema moyoni, amerudi. Akaweka kijiko chini, akaiweka saa yake sawa, akauliza kwa sauti yake ya zamani, ile ya chumba cha mbele:

"Nani alikuwa jikoni?"

Binti alikuwa amesimama kulia kwake na sahani mkononi. Mimi kushoto. Baba alikuwa ananiangalia mimi.

Nina miaka thelathini na tisa. Nina watoto watatu. Nilikuwa nimevaa miwani. Nilinyoosha kidole.

Sikujua kama baba bado ana nguvu ile. Alimshika binti kifundo cha mkono kama mtu anayeshika saa aangalie majira, akautoa upawa kwenye sufuria akauweka hapo, taratibu, bila hasira. Alisema, "Umeunguza tena, Masizi." Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na mkono wangu bado uko juu. Kisha aliketi, akala sahani nzima. Akaomba nyingine.

Nikampa, dada. Nilimpakulia kwa huo huo upawa, kwa sababu alikuwa anakula.

Kila siku nampikia hivyo hivyo. Sasa napika mimi, alfajiri, ndipo niende kazini. Akiuliza nani alikuwa jikoni namwambia ni mama. Anakubali.

Uliniandikia nipike mwenyewe. Ulijua? Nijibu hilo tu. Binti hazungumzi na mimi. Leo amekubali kuongeza maneno yake hapa chini, amenifunika karatasi nisiyaone.

Mdogo wako

Shikamoo mama mkubwa. Ni mimi. Hapaumi sana sasa isipokuwa nikisimama karibu na mvuke. Nilifuata kila neno kama ulivyoandika. Nilikosea wapi?


21 Septemba 1987

Mwanangu,

Marahaba. Barua hii imekuja shuleni kwako kwa sababu ni yako, si ya nyumbani. Nimemwandikia mwalimu wako kando na amekubali kukupa mkononi. Natumaini wadogo zako wazima. Mguu wangu haujambo, nauita haujambo kwa sababu sijausikia tangu nisome mistari yako minne.

Hukukosea popote. Uliupika vizuri kuliko mimi nilivyouandika. Mimi ndiye niliyeruka kitu, na niliruka kwa makusudi, na nitakueleza kama ilivyo kwa sababu wewe hujanidanganya.

Mchuzi ukishaungua hivyo, unamimina glasi moja ya chai ya rangi, nzito, imekolea majani. Chai inachukua ule uchungu wa moto, inaugeuza, na mchuzi unakuwa mweusi kama uliotakiwa kuwa hivyo. Mtu akiula hajui kama uliungua, anajua tu kwamba ni mtamu. Nilijifunza peke yangu nikiwa na umri wako, baada ya kupigwa, na kwa miaka sita ndiyo iliyonilinda. Babu yako anaupenda mchuzi wenye chai. Usio na chai anaujua pia. Ule aliuonja siku moja tu maishani, na mama yako sikumwandikia ule wa miaka sita. Nilimwandikia wa siku ile.

Nilitaka aupike yeye. Nilitaka aketi pale auhisi. Nilimsisitizia apike mwenyewe nikaona nimeshafanya hesabu yangu vizuri, kumbe kwenye hesabu sikukuweka. Ule upawa uliokugusa ulitoka mkononi mwangu, niliutuma ndani ya barua na stempu nikailamba mwenyewe. Ukitaka kunichukia una haki, na sitakuomba sentensi yoyote.

Kidonda usikipake dawa ya meno, wala siagi, watu watakuambia. Maji baridi, kitambaa safi, na usikifunge kwa kubana. Kitawasha kwenye mvuke kwa muda mrefu. Sitakuambia kitaacha.

Humu ndani kuna tiketi ya basi ya siku shule itakapofungwa. Nina kitanda cha ziada na shule iko mtaa wa pili. Ukija, njoo. Usipokuja, tiketi iuze ununue viatu. Baba yako nimemtumia taarifa kupitia kampuni ya lori, anajua na amekubali. Mama yako sijamwandikia. Akikuuliza nani amekuita, unajua namna ya kumjibu, ulimwona akifanya.

Hutapika mpaka utake mwenyewe. Na ukitaka, jikoni kwangu hakuna upawa wa chuma hata mmoja. Yote ni miiko ya mbao.

Mama mkubwa wako